Sahani ya Bonane: historia ya kula pamoja pande mbili za ziwa



Kila mwaka, tukikaribia desemba, ulizo moja linarudi mkutanoni: juu ya nini sanduku letu linatoa pesa ya feti ya Bonane? Tuko na wagonjwa, tuko na watoto wa kulipia masomo, kuna wajane wasio na mabati. Marafiki wanaotusaidia wanauliza pia, kwa heshima, kama muchele na kuku ni msaada ao ni starehe. Ulizo hilo ni la haki. Tumeona vema tulijibu kwa njia ya historia, maana ukitazama hesabu ya mwaka mmoja tu hutaona kitu.

Tuanze na neno posho. Wazee wetu walilijua zamani, mbele ya kambi zote. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora mpaka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika kwenda Maniema, Kasongo na Nyangwe, kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mpagazi alipewa posho, yaani kipimo cha chakula ao cha nguo za kununulia chakula njiani. Wakati wa Wabelgiji neno likabaki. Katika migodi ya Katanga mfanyakazi alipewa posho yake kila juma, unga na vingine, vyote vimepimwa. Ndiyo maana kwa Kilingala juma lenyewe linaitwa poso. Watu waliishi kwa posho, hatuidharau. Lakini mwenye kula posho hachagui. Mwingine ndiye anapima, mwingine ndiye anasema leo ni hiki, kesho ni kile.

Misafara hiyo ilileta machozi mengi. Ilileta na muchele. Waungwana walipanda mpunga kandokando ya Kasongo, na mpaka leo Maniema ni nchi ya muchele. Kwetu Fizi chakula cha kila siku ni ugali wa muhogo, sombe na samaki. Hata muhogo si wa asili hapa: ulitoka Amerika kwa merikebu za Wareno, ukaingia polepole mpaka tukausahau kwamba ulikuwa mgeni. Muchele, kwa familia nyingi, ulibaki kando, chakula cha mgeni na cha siku kubwa. Waislamu wanaupika kwa Idi, Wakristo kwa Noeli na Bonane, na majirani wanapelekeana sahani.

Kula nje wakati wa ukoloni hakukuwa kwa kila mtu. Mjini, hoteli za Wazungu zilikuwa za Wazungu. Mweusi aliingia kwa mlango wa jikoni, kama boyi ao mpishi. Watu wetu walikula nje kwa namna yao: sokoni, bandarini, kwa mama mwenye sufuria na mabenchi mawili. Pale msafiri alikaa karibu na mvuvi, na mtu alilipa kile alichokula. Baada ya Uhuru wa 30 juni 1960 vibanda hivyo vikaongezeka. Katika wakati wa Zaire chai ya Uvira ilinywewa na sukari ya Kiliba, kiwanda cha karibu pale, mpaka vita vikakisimamisha.

Hata serikali iliwahi kugusa sahani ya sikukuu. Mwaka 1974 Mobutu aliondoa Noeli katika siku za mapumziko, ikawa siku ya kazi kama nyingine. Familia za Wakristo hazikuacha kupika juu ya hiyo. Sikukuu ya kula haiondoki kwa amri moja.

Halafu vita. Fizi ilikimbia mara ya kwanza wakati wa uasi wa 1964, wengine milimani, wengine ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1996 tukakimbia tena, wengi zaidi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, na Lugufu ikafuata. Pale posho ikarudi, safari hii kwa jina la mgao. PAM ilitupa unga wa mahindi, dengu ao maharagi, mafuta, chumvi. Chakula hicho kilituokoa, na tunasema asante mpaka leo. Lakini wengi wetu tuliuza sehemu ya mahindi tupate unga wa muhogo. Waliotuona walidhani tunachezea msaada. Kwa kweli tulikuwa tunatafuta ugali unaofanana na wa nyumbani, ule ambao mtoto akiula anajua ametoka wapi.

Ndani ya soko la kambi mama fulani alisimamisha miti, akatandika shitingi juu, akaita hoteli. Chai, chapati, maharagi, mara nyama kidogo. Kwa chai moja na chapati moja mtu alikaa saa nzima, akasikiliza redio na habari za kwao. Pale hakuna aliyeulizwa karti ya mgao. Uliulizwa tu: unakula nini? Kwa mtu aliyepimiwa kila kitu kwa miaka, ulizo hilo lilikuwa kubwa. Tulitoka kambini kwa kibali tu, kazi ilikuwa shida, lakini kwenye benchi ile uliweza kusema: leta maharagi, dengu hapana.

Sasa tunafika kwa Bonane yenyewe, na hapa tunaandika kwa uzito. Tangu 30 desemba 1998 mpaka 2 januari 1999, huko Makobola na vijiji vya jirani, mamia ya watu waliuawa, wanawake na watoto pamoja. Ni katika siku zilezile ambazo kila nyumba inatafuta kuku na nguo mpya ya mtoto. Tangu pale, kwa familia nyingi za Fizi, mwisho wa mwaka ni siku za kuhesabu majina. Kuna ndugu walioapa hawatapika tena tarehe hizo. Tunawaheshimu, na hakuna atakayewalazimisha. Wengine walisema: tusipopika, wale walioua watakuwa wametunyang'anya watu wetu na sikukuu yetu pia. Shirika letu lilifuata njia ya kati. Tunasoma majina kwanza, tunanyamaza, halafu tunakula.

Kurudi kulianza oktoba 2005, mashua zikitoka Kigoma mpaka Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Tulirudi na mizigo kidogo na mazoea mengi ya chakula. Chapati tulizojifunza kusukuma ng'ambo zikaingia sokoni Baraka, na pilau ikaingia katika arusi zetu. Watoto waliozaliwa kambini walisema dagaa, bibi zao wakasema ndagala. Walisema migebuka, wazee wakasema mikeke. Samaki ni wale wale, ziwa ni moja. Lakini mtoto anayechekwa sababu ya jina la samaki anaelewa haraka kwamba wanamwona mgeni kwao. Sisi pia tuliitwa Watanzania. Tulikuta wengine wanalima mashamba yetu, na wale waliobaki waliona sisi tumekula chakula cha bure wakati wao wanalala porini. Kila upande ulikuwa na uchungu wake wa kweli.

Feti ya kwanza tuliyofanya pamoja na waliobaki haikumaliza mabishano ya mashamba. Mengine yako mpaka leo. Lakini siku ile tuliketi kwenye mkeka mmoja bila mtu wa kupima. Wao walileta muhogo na sombe, sisi tukaleta muchele na chapati, wavuvi wakaleta mikeke. Watu waliokuwa hawasalimiani sokoni walipeana chumvi. Baada ya hapo, walipokutana mbele ya chefu juu ya shamba, waliweza kuitana kwa jina.

Basi jibu letu ni hili. Msaada wa wagonjwa na masomo unatoka kwanza, feti inafuata. Sanduku linalipa muchele, mafuta na kuku tu, na sahani za wajane na wazee wasio na nguvu. Vingine kila nyumba inaleta. Muchele tunanunua kwa wanachama wanaolima, samaki kwa wavuvi wetu, na wapishi ni wale wamama wenye vibanda sokoni, wanalipwa kazi yao. Pesa hiyo inazunguka hapahapa, na januari inaonekana tena katika michango.

Kwa marafiki wanaotusaidia tunasema: mlitulisha wakati hatukuwa na kitu, na hatutasahau. Leo tunaomba mtuelewe hivi: mtu anajua amerudi nyumbani siku anapomwita jirani kula chakula alichochagua mwenyewe. Kwa sababu hiyo mstari wa feti utabaki katika hesabu zetu, mdogo lakini wazi, na kila franka itaonyeshwa.

Kwa wanachama: wenye majina ya kusoma wayapeleke kwa mwandishi wa shirika mbele ya Noeli. Siku yenyewe kila mtu aje na sahani yake, na mwenye benchi alete benchi. Na yule jirani ambaye bado mnabishana naye juu ya mpaka wa shamba, mpitie njiani, mje pamoja.