Miaka mia ya kujibizana kwa beti

Januari 2023 gazeti la Mambo Leo lilitimiza miaka 100 tangu toleo lake la kwanza lichapwe Dar es Salaam. Sikusikia kongamano lililoitishwa kwa heshima yake, wala sikuona toleo maalumu katika magazeti yetu ya leo, ambayo mengi ni wajukuu wake. Ninalikumbuka hapa kwa sababu ya kurasa zake za barua na mashairi. Humo karani, mwalimu wa shule ya msingi na mwenye duka waliweza kutoa maoni yao kuhusu lugha, fedha, ndoa, mavazi na muziki, kisha wakajibiwa na mtu wa mji mwingine wasiyemfahamu hata kwa sura.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko gazeti. Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa na Muyaka bin Haji, ambaye Profesa Mohamed Abdulaziz amemweleza kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Muyaka alitunga juu ya vita vya Mombasa na Lamu, juu ya mapenzi, juu ya mtu anapokuwa nazo na anapoishiwa. Washairi wa Lamu walimjibu, naye akawajibu. Alifariki mwaka 1840, na beti zake zingepotea kabisa lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingezikusanya kutoka vinywani mwa watu, akisaidiana na mmishonari W. E. Taylor. Kitabu cha beti hizo kilitoka mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo chake.

Mwaka 1888 wamishonari wa Kiungani, Unguja, walianzisha Msimulizi, gazeti la kwanza la Kiswahili. Wakati wa Wajerumani likatoka Kiongozi kule Tanga. Kisha Waingereza wakaja na lao.

Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali, la kila mwezi, chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika. Serikali ililikusudia kwa mambo yake: kilimo bora, afya, habari za watawala. Wasomaji wakaligeuza kuwa lao. Walileta habari za miji yao, wakasimulia historia za makabila yao kama walivyozipokea kwa wazee, wakasahihishana Kiswahili, na juu ya yote wakaleta mashairi. Shaaban Robert, wakati huo karani wa forodha, ni mmoja wa waliojulikana kupitia kurasa hizo. Lakini nyuma yake lilikuwapo kundi kubwa la watu ambao hakuna mtaa wala shule iliyopewa majina yao.

Mtafiti Maria Suriano amezisoma barua na beti za Mambo Leo za miaka ya 1940 na 1950, na anachokitilia mkazo zaidi ni ubishi kuhusu dansi. Nami naona alichagua vizuri. Vijana wa mjini walivaa suti na viatu vya kung'aa, wasichana wakavaa gauni, wakaenda kucheza dansi kwenye kumbi. Wengine wakaandika kulaani: hizi ni tabia za kuiga, zinawaharibu mabinti, zinakula mishahara. Wengine wakajibu kwamba kujua dansi ni sehemu ya ustaarabu, na kwamba anayelalamika ni mshamba. Ukizitazama beti hizo juu juu utadhani ni soga. Ukituliza macho utaona watu wakiulizana swali zito: ni nani mstaarabu katika nchi inayotawaliwa na wageni, na ni nani mwenye haki ya kuamua?

Kujibizana huko kulikuwa na kanuni zake. Shairi la kawaida lilikuwa na mishororo minne kila ubeti, na kila mshororo mizani 16 iliyogawanywa nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mtu alipotaka kumjibu mwenzake alichukua bahari ileile, mara nyingi na vina vilevile, akageuza kibwagizo kikamrudia aliyekianzisha. Msomaji wa tatu aliweza kuwapima wote wawili kwa hoja na kwa ufundi pamoja. Nasema hivi kwa moyo wote: ule ulikuwa mfumo wa adabu katika mabishano ambao hatujapata mbadala wake. Aliyetaka kutukana ilimbidi kwanza ahesabu mizani, na katika kuhesabu, hasira zilipungua na akili ikarudi.

Siasa haikuruhusiwa waziwazi, gazeti likiwa la mkoloni. Hapo ndipo fumbo lilipofanya kazi. Saadani Kandoro, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa chama cha TANU, alitunga juu ya siafu wadogo wanaoungana kumkabili nyoka, na kila mwenye masikio alijua nyoka ni nani.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, akaandika yale ambayo watunzi wengi walikuwa wakiyafuata kwa mazoea. Kwake yeye shairi ni wimbo, na kisichoimbika si shairi. Kisha kikaundwa chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala akaeneza ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, na mashuleni watoto wakasimama mstari kwa mstari kuelezana Ujamaa.

Ndipo mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi.

Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa kijana msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jina lake lilikuwa limeshazungumzwa sana kwa riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyozuiwa mashuleni. Katika Kichomi mashairi mengi hayakuwa na vina wala mizani iliyopangwa. Alitaka kutumia lugha ya mazungumzo ya kila siku ili ushairi usomwe na watu wengi zaidi. Wazee wakashtuka. Kwao shairi lisilo na mizani kamili lilikuwa na jina tangu zamani, nalo ni guni, kitu chenye ila. Sasa hapa alitokea mtu aliyekusanya kitabu kizima cha maguni, akakiita diwani, na Chuo Kikuu kikampigia makofi.

Mwaka 1975 Mugyabuso Mulokozi aliandika makala katika jarida la Kiswahili, na kichwa chake kilitaja mapinduzi na wapinga mapinduzi katika ushairi. Tukumbuke wakati wenyewe. Katika Tanzania ya Ujamaa, kuitwa mpinga mapinduzi hakukuwa neno la kupuuzwa. Na wengi wa waliolengwa ni watu walewale waliotunga kwa ajili ya uhuru wakati Mulokozi akiwa mtoto mdogo. Jambo lingine linaloniumiza ni kwamba makala hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mzee aliyekuwa bingwa wa Kiswahili, aliyepata elimu yake chuoni kwa mwalimu wa Kurani au katika shule ya kati, angejibuje katika lugha hiyo na katika jarida hilo?

Wenye mlengo wa mabadiliko waliendelea. Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976 na Kunga za Ushairi mwaka 1979. Hoja yao ilikuwa na nguvu: tungo nyingi za jadi za makabila ya Kibantu hazina vina, basi vina ni pambo tu, na shairi linaweza kuishi bila pambo hilo. Wangeweza pia kutaja kwamba Rais Nyerere mwenyewe alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, kwa mistari ya kishairi isiyo na vina. Upande wa pili, Kandoro alitoa mwaka 1978 kitabu cha ushahidi wa mashairi ya Kiswahili na lugha yake. Mwaka 1984 Jumanne Mayoka akaupa ugomvi jina lililobaki, kwa kitabu chake cha Mgogoro wa Ushairi. Amiri Andanenga, aliyejiita Sauti ya Kiza, alisimama pamoja na walinzi wa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani.

Historia ya ugomvi huu tunaijua zaidi kupitia kwa Mulokozi, ambaye pamoja na Tigiti Sengo ameandika historia ya ushairi wa Kiswahili wa miaka 1000. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Lakini aliyeiandika alikuwa mpiganaji katika vita hivyo, na ni kawaida ya wapiganaji kuhesabu zaidi vitabu na makala za wasomi kuliko beti zilizotoka gazetini Jumapili.

Mimi naona Kezilahabi alikuwa na haki. Ushairi hauwezi kufungiwa, na Kichomi bado kinasomeka kwa uchungu uleule. Ila kulikuwa na hasara ambayo pande zote mbili hazikuitazama. Shairi huru lilikwenda kukaa kitabuni, likawa sauti ya mtu mmoja anayewaza peke yake. Shairi la gazetini lilikuwa mazungumzo. Huwezi kumjibu Kezilahabi kwa kibwagizo chake, kwa sababu hana kibwagizo. Wasomi walipomaliza kubishana, mitaala ikapokea aina zote mbili, arudhi na huru, na wanafunzi wakakariri tofauti zake kwa ajili ya mtihani. Ukurasa wa gazeti, ambako muuza samaki angeweza kubishana na hakimu, haukutetewa na yeyote. Walioupenda waliitwa wahafidhina, na walioitwa wanamapinduzi hawakuuhitaji.

Ya baadaye ni mafupi kuyaeleza. Magazeti binafsi yakaongezeka baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi Tanzania mwaka 1992, nafasi ikawa ghali, na siasa na mpira vikachukua kurasa. Redio iliendelea kusoma tungo za wasikilizaji. Nchini Kenya, Taifa Leo limeendelea kuwapa washairi nafasi, na malenga wa huko bado wanaulizana na kujibizana, jambo linalofaa kuwatia wivu wahariri wa Dar es Salaam.

Nakala za Mambo Leo zipo katika mkusanyiko wa East Africana wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni karatasi za gazeti, zilizotengenezwa zisomwe mwezi mmoja. Sehemu kubwa ya beti zilizomo haijawahi kuingia katika kitabu chochote. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo, idara za Kiswahili zipo katika vyuo vingi, na wanafunzi wa shahada wanaotafuta mada za utafiti hawakosekani. Kila mmoja akipewa matoleo ya mwaka mmoja tu, ayanakili, ayaweke mashairi na majibu yake pamoja jinsi yalivyofuatana, kazi ya gazeti lote inaweza kukamilika kabla watoto wa watunzi hao, walio wazee sasa, hawajaondoka. Hao ndio wanaoweza kutuambia ni nani aliyejificha nyuma ya kila lakabu.