Likasi, Kolwezi na mwaka spika za stereo zilipobadilishwa sumaku

Februari 2025, serikali ya Kongo mjini Kinshasa iliposimamisha usafirishaji wa kobalti baada ya bei kushuka hadi karibu dola 10 kwa ratili, habari zilijaa betri za magari. Ni wachache waliokumbuka kwamba madini hayohayo ya Katanga, kusini mwa nchi hiyo, yaliwahi kuwatikisa watu wengine kabisa: wapenda muziki wanaoshindanisha ampli na spika za bei kali.

Mji wa Likasi, huko Katanga, umo ndani ya historia hiyo tangu ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Mwaka 1929 Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilianza kusafisha shaba kwa umeme katika kiwanda cha Shituru, na baadaye kobalti nayo ikatoka humo. Shaba safi namna hiyo ndiyo inayosokotwa kwenye transfoma, na transfoma ndiyo iliyotofautisha ampli bora za enzi ya valvu. Quad II ya Uingereza ilitoa wati 15. Marantz 8B ya Marekani ilitoa 35 kila upande. McIntosh MC275, iliyotoka 1961, ilifikisha 75 kila upande, na uzito wake ulikaribia kilo 30, sehemu kubwa ikiwa chuma na shaba ya transfoma zake.

Lakini ampli bila spika ni bubu. Ndani ya spika, koili ya waya inayopokea umeme wa ampli hucheza katikati ya sumaku, nayo husukuma karatasi inayotoa sauti. Kwa miongo kadhaa spika za kifahari zilitumia sumaku ya alnico, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti ndani ya chuma. Katika aina iliyopendwa zaidi, kobalti ilikuwa karibu asilimia 24.

Ndipo ikaja Mei 1978. Tarehe 13, waasi wa kundi la FLNC waliotokea Angola waliuteka Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga. Tarehe 19, askari wa miamvuli wa Ufaransa walianza kushuka. Wageni wengi waliuawa, Wakongomani pia, na mafundi wa kigeni wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wakakimbia. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitoa takriban nusu ya kobalti ya dunia, ikisafishwa katika viwanda vya Luilu mjini Kolwezi na Shituru mjini Likasi.

Uzalishaji wa mwaka ule haukuporomoka. Kilichopanda ni hofu, na hofu ikapandisha bei. Wanunuzi walianza kusafirisha kobalti kwa ndege. Kumbukumbu za bei za Marekani zinaonyesha ratili moja ilitoka chini ya dola 7 mwanzoni mwa 1978 hadi dola 25 mwanzoni mwa 1979.

Watengenezaji wa spika hawakuweza kuhimili. JBL ya California iliiacha alnico na kuchukua ferrite, sumaku rahisi isiyo na kobalti. Ferrite ina tabia yake: umeme mwingi ukipita kwenye koili, nguvu ya sumaku huyumba na sauti huharibika. Wahandisi wa JBL wakaichonga upya nguzo ya chuma ya katikati na kuiongezea pete ya alumini ili kutuliza myumbo huo. Spika yao maarufu ya studio, 4343, ikageuka 4343B.

Ugomvi ulizuka hapo na haujaisha. Kambi moja husema vipimo vya ferrite ni vizuri, pengine bora zaidi. Nyingine hushikilia kwamba alnico ina utamu ambao mashine haipimi. Anayetafuta 4343 kuukuu leo huuliza kwanza sumaku yake.

Baadaye sumaku za neodimi zikaingia, na alnico ikarudi kama anasa: Tannoy, kwa mfano, huiweka katika spika zake za gharama kubwa. Vipeperushi vyao husifu mbao za jozi na ustadi wa seremala. Kobalti ilikotoka haisemwi, na hilo ni kosa. Watoto wa Likasi wanaopita kila siku mbele ya Shituru wanastahili kufundishwa darasani kwamba hofu ya kukosa kobalti ya nyumbani kwao iliwalazimisha wahandisi wa California kuichora spika upya.