Priampu na Amplifaya Inayoifuata: Tofauti ya Sauti Inatoka Wapi?

Wahakiki wa vifaa vya muziki wa nyumbani huandika kwamba priampu fulani ina sauti nene na nyingine ina sauti kavu. Wapo wahandisi wanaowajibu kwamba priampu zote zilizoundwa vizuri husikika sawa, na anayesikia tofauti anajidanganya. Makala haya yanapinga madai yote mawili. Tofauti inayosikika mara nyingi haimo ndani ya priampu, bali hutokea pale inapoungana na amplifaya inayoifuata.

Kuhusu masharti ya jaribio la kulinganisha priampu kwa kusikiliza hakuna ubishi mkubwa. Sauti ikizidi nyingine kwa sehemu ndogo ya desibeli, sikio hudhani ni bora, halitambui kuwa imezidi nguvu tu. Kwa hiyo volyumu husawazishwa kwa mita, na msikilizaji hafahamishwi kifaa kipi kinapiga. Watafiti wa sauti Lipshitz na Vanderkooy walilitetea hilo mwaka 1981. Ugomvi uko kwenye kufasiri matokeo. Mwaka 1986 mtafiti Leventhal alionyesha udhaifu wa majaribio machache. Katika majaribio 16, kwa kawaida msikilizaji hutakiwa apatie angalau 12. Lakini mtu mwenye uwezo halisi wa kupatia mara 6 katika kila 10 atafikia alama hiyo takriban mara moja tu katika sita. Kushindwa kwake hakuthibitishi kwamba tofauti haipo, na wanaotangaza hivyo wanadai zaidi kuliko data zao zinavyoruhusu.

Ushahidi mzito zaidi unapatikana kwa hesabu. Chukua priampu ya vali ambayo mawimbi yake hutoka kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.47. Ikiunganishwa na amplifaya yenye ukinzani wa kiloomu 100 kwenye ingizo, mawimbi hupungua kwa desibeli 3 kwenye 3.4 Hz, mahali ambapo sikio halifiki. Ikiunganishwa na amplifaya yenye kiloomu 10, upungufu huohuo huhamia 34 Hz. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne, yenye 41 Hz, hupungua kwa desibeli zaidi ya 2. Kwenye spika zinazofika chini, hilo linasikika, na kusawazisha volyumu kwenye 1,000 Hz hakuliondoi. Priampu ni ileile, kapasita ni ileile; nyumba moja itaisifu kwa unene, nyingine itailaumu kwa ukavu, na wasikilizaji wa nyumba zote mbili watakuwa wamesikia kwa usahihi.

Itasemwa kwamba huo ni mfano wa vifaa visivyooana. Ni kweli, lakini nyumbani ndiko watu huchanganya vali na transista, vifaa vya zamani na vya sasa. Hapo ndipo swali letu linapoishi. Ama upotoshaji wa mawimbi katika priampu za transista za leo, ni mdogo mno kuweza kubeba sifa zote ambazo wahakiki huzipa.

Kwa hiyo uhakiki wa priampu usiotaja amplifaya iliyotumika, ukinzani wa ingizo lake na namna volyumu ilivyosawazishwa haufai kuhesabiwa kuwa ushahidi. Wahariri wadai vipimo hivyo kabla ya kuchapisha, na mnunuzi asikilize priampu kwa amplifaya yake mwenyewe kabla ya kutoa fedha.