Je, Mlango wa Pembeni Umefungwa?

Ndugu wahitimu, na ninyi vijana mlioko madarasani: katika mkutano wetu uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza kama mtu aweza leo kuingia katika kazi ya sayansi pasipo kupita njia ya vyeti. Nilimjibu upesi kwamba haiwezekani. Tangu siku hiyo jibu lile limenisumbua, kwa maana historia ya Afrika Mashariki inanisuta.

Tumtazame kwanza Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu kwa maziwa na sukari. Maziwa yakishachemka huachwa yapoe kabla ya kutiwa katika jokofu. Siku moja Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyatia yake yakiwa moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilo hilo Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakamcheka. Dk. Osborne aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala katika jarida la Physics Education. Hata leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, nalo linaitwa kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori.

Wa pili ni Kamoya Kimeu wa Kenya. Huyu alikuwa na elimu ya msingi tu. Mwaka 1960 aliajiriwa na akina Leakey kuchimba Olduvai. Jicho lake likajifunza kutenganisha mfupa na jiwe. Mwaka 1964 aliona taya la kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, aliokota kipande kidogo cha fuvu; uchimbaji ukatoa karibu kiunzi kizima cha kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 1985 Rais Reagan alimvika heshima ya medali mjini Washington. Shahada ya heshima aliipata mwaka 2021, kutoka chuo kikuu cha Marekani, na mwaka uliofuata akafariki.

Watu hawa wawili wanafanana kwa jambo moja. Kila mmoja alikuwa na bidii na jicho kali, lakini kila mmoja alikutana na mtu wa ndani aliyekubali kupima kazi yake kabla ya kuuliza cheo chake. Bila mtu huyo, swali la Mpemba lingeishia kwenye kicheko, na Kamoya angebaki kibarua wa sururu.

Hapa sina budi kukiri. Mimi ni mtumishi wa serikali, na nimewahi kuketi katika kamati ya kuajiri. Siku moja tulipata barua ya mtu aliyekuwa kibarua wa kusoma vipimo vya mvua kwa miaka mingi. Aliambatisha madaftari yake, yameandikwa kwa usafi wa ajabu. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Niliiweka barua pembeni kwa sekunde chache, wala sikuyafungua madaftari yale hadi mwisho. Kanuni ilikuwa upande wangu. Lakini kanuni haikunikataza kusoma, wala kumwandikia mtu yule kumweleza njia iliyobaki, kama vile Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1992.

Vijana, msije mkatupa vitabu kwa sababu ya habari hizi. Leo njia ya vyeti ndiyo pana, na kwa kazi nyingi, kama udaktari, ni haki iwe hivyo. Mlango wa pembeni ni mwembamba kuliko zamani, lakini haujafungwa. Ufunguo wake uko mikononi mwetu tulio maofisini, maabarani na mashambani.

Kwa yule mwanafunzi aliyeniuliza: jibu langu lilikuwa la mtu aliyeketi mlangoni. Naomba uniulize tena, na safari hii uje na daftari lako.