TV ya Chogo Sebuleni: Ilitoka Wapi, na ni Mali ya Nani?

Wiki hii naweka pembeni mashela na magauni, nizungumzie kitu ambacho wengi wenu mlikikuta sebuleni kwa mama: TV ya chogo, ile nene yenye kisogo kama cha mtoto. Mimi ni fundi cherehani huku Karagwe, na ninazo nne dukani, mbili zinawaka. Maharusi wanaokuja kupimwa nguo huniuliza kama nauza. Siuzi, nazikusanya, maana zinaisha. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mitaani, wanaivunja TV kwa ajili ya nyaya za shaba zilizomo, kioo kinatupwa mtaroni.

Ninyi wa visiwani mna haki ya kujivuna katika hili. Uingereza ilianza matangazo ya rangi mwaka 1967. Zanzibar ikaanza mwaka 1973 kuingia 1974, enzi za Rais Aboud Jumbe, na moja kwa moja kwa rangi, bila kupitia nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, na utajiri wake wote, ilianza televisheni Januari 1976. Kwa hiyo bibi wa Unguja aliona kanga ikiwa na rangi zake kwenye kioo wakati Johannesburg hawajaona hata picha ya kijivu!

Bara tulikuwa na hadithi nyingine. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa kwa nchi maskini, pesa ziende kwanza kwenye shule na maji, na habari zitoshe kwa redio. Sisemi alikosea. Ila matokeo yake ni kwamba nchi moja ilikuwa na watu wanaotazama na watu wanaosikiliza, kwa miaka ishirini hivi, mpaka vituo vya binafsi kama ITV vilipoanza mwaka 1994.

Sasa njoo huku kwetu. Karagwe, pamoja na Kyerwa ambayo zamani ilikuwa sehemu yake, tumepakana na Uganda, na Uganda walikuwa na televisheni tangu Oktoba 1963. Jirani ana TV, wewe huna, kati yenu ni mto Kagera tu. Na hata 1994 ilipofika, umeme ulikuwa wapi? Wa kwenye gridi mkoa wetu uliununua Uganda kwa miaka mingi, na vijijini haukufika. Ndiyo maana TV za zamani ninazozipata Nkwenda na Kaisho nyingi ni ndogo, nyeusi na nyeupe, zenye tundu la volti 12 nyuma, kwa ajili ya betri ya gari. Betri ikiisha mpira unakatika katikati na sebule nzima inaguna.

Wanaume walikuwa na vibanda umiza. Binti wa watu hakuonekana huko, na sisi wa Kiislamu ndiyo kabisa. Kwa hiyo kwa mwanamke, TV ilikuwa ile ya nyumbani au hakuna. Wengine walinunua kwa pesa ya vitumbua, ya cherehani, wengine kwa mahari yao. Hapo ndipo ninapotaka bi harusi unisikilize. Mahari ni yako, Qur'ani katika Suratun-Nisaa aya ya 4 imeamuru wanawake wapewe, na ulichonunua nayo ni chako hata kikizeeka. Lakini flati ya ukutani ikiingia, ile ya mama inaitwa takataka, na anayeiuza hata hamuulizi mama. Nimenunua moja hivyo kwa bei ya sukari kilo mbili, mwenyewe akaja baadaye ananiuliza kama bado ninayo. Nilimrudishia.

Ukitaka kuihifadhi, usiichomeke kwanza. TV iliyokaa miaka kabatini kapasita zake zimekauka, ukiiwashia umeme wote kwa ghafla inaweza kuungua. Fundi mzuri anaiunganisha kupitia balbu ya zamani ya waya: balbu ikikaa imewaka kwa nguvu, anajua ndani kuna shoti, anazima. Na usifungue mgongo mwenyewe, hata kama umeichomoa ukutani. Kioo cha chogo kinahifadhi umeme mkali sana unaoweza kukudhuru vibaya. Hili si la kujaribu.

Ikishawaka utakuta chenga tupu. Usidhani ni mbovu. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kwa hiyo inahitaji king'amuzi, na kama ina tundu la antena peke yake, basi na kile kiboksi kidogo cha kugeuza waya za njano na nyekundu ziingie kwenye antena. Mafundi wa Omurushaka wanavijua.

Kitambaa cha kudarizi cha juu tusikiache, maana ndicho kilichonileta mimi kwenye TV hizi. Lakini kishonwe kwa akili: pamba, si nailoni, kiteremke mbele na pembeni kidogo, kisifunike matundu ya hewa mgongoni. TV ikiwashwa, kitolewe kabisa, maana chogo linachemka. Kabati la mbao lifutwe kwa brashi laini na nta kidogo, msilipake vanishi mpya juu ya ile ya kiwandani.

Na ndani ya droo, au chini ya kitambaa, weka karatasi: nani aliinunua, mwaka gani, kwa pesa gani. Mama akiwa hai muulize leo, mwandikie kwa jina lake kamili. Kisha chukua futi, pima upana wa juu na kina mpaka yanapoanza matundu, niletee vipimo hivyo viwili tu nikukatie kitambaa.