Samani Katika Nyumba Ndogo ya Kiluguru

Wako wadhanio kwamba nyumba ya msonge katika milima ya Uluguru haikuwa na mpango wa samani, kwa kuwa samani zenyewe zilikuwa chache. Dhana hiyo yafaa kupimwa. Kiwanja kilichimbwa ubavuni mwa mlima, kwa hiyo nyumba haikuweza kutanuka. Katikati palikuwa na mafiga matatu. Juu yake dari, ambapo mahindi yaliwekwa ili moshi uyakaushe na kuyakinga na wadudu. Waliolala mkekani waliutandika usiku, wakaukunja asubuhi. Kigoda cha kawaida kilihamishwa kwa mkono mmoja. Ila kile chenye egemeo refu, kilichochongwa katika gogo moja, kilikuwa cha mkuu wa ukoo, na cheo chake kilirithiwa kwa upande wa mama.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge na kazi za mjini zilileta mshahara, nao ukanunua kitanda, meza na viti. Vitu hivi vina pembe, hutaka ukuta ulionyooka, wala havikunjwi. Katika chumba cha kupanga, kitanda kikakaa nyuma ya pazia, sanduku uvunguni, viti mbele.

Kwa kipimo cha hatua, chumba hicho huenda kikalingana na msonge. Kilichopungua ni sakafu iliyo wazi. Zamani mjomba alipokuja, aghalabu hapakukosekana pa kumlaza. Leo mwenyeji hana budi kuiondoa meza kwanza. Basi apangaye samani na amhesabu mgeni kabla ya kuhesabu viti.