Kiganja cha Vidole Vitano: Utani wa Simba na Yanga Masikioni mwa Arusha

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2023, kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Soko la Kilombero jijini Arusha, hakuna aliyeuliza matokeo. Dereva mmoja wa bodaboda aliegesha, akavua helmeti, akanyoosha kiganja wazi mbele ya uso wa muuza mitumba aliyevaa jezi nyekundu ya Simba. Hakutoa neno. Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Jana yake Yanga walikuwa wameifunga Simba 5-1. Lakini kiganja hicho kina historia ya kupokonyana. Yanga walikinyoosha kwanza tarehe 1 Juni 1968, waliposhinda 5-0. Simba wakakirudisha kwa idadi ile ile tarehe 6 Mei 2012, wakatamba nacho miaka kumi na moja.

Ajabu ni kwamba ugomvi huu si wa Arusha. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote Dar es Salaam. Simba iliitwa Sunderland mpaka 1971. Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba ziko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka hapa. Mkulima wa migomba wa Tengeru aliupata ugomvi huo kwa sikio. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo 1965, ndiyo iliyomletea sauti za kina Ahmed Jongo, Charles Hilary na baadaye Halima Mchuka. Betri zilianikwa juani tangu asubuhi ili zifike dakika ya tisini. Aliyesikiliza hajawahi kukanyaga Kariakoo, lakini timu yake anayo.

Kejeli nazo zilipanda basi. Yanga ilipogawanyika 1976 na Pan African kuzaliwa, waliobaki wakaitwa Kandambili na waliotoka wakaitwa Raizoni, viatu vya wenye nazo enzi hizo. Siku hizi ni utopolo kwa Yanga na makolo kwa Simba, na chalii wa Ngarenaro huyatamka kana kwamba yalitungwa mtaani kwake.

Je, timu za nyumbani? AFC ilikuwepo, na JKT Oljoro ikaingia Ligi Kuu msimu wa 2011/12. Watu walikwenda uwanjani, wakashangilia, wakarudi nyumbani kimya. Kwa maoni yangu kilichokosekana ni mtani. Mchaga anaye Mpare wa kumchokoza hata msibani. AFC haikuwa na wa kuichokoza. Na uwanja wenyewe umepewa jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mtu wa vina na mizani angefurahia, nadhani, majibizano ya vijiwe vinavyozunguka uwanja wake.

Miaka ya 1990 redio binafsi ziliruhusiwa, na kipindi cha michezo kikawa baraza la mabishano. Wasemaji wa klabu wakawa nyota. Haji Manara alipohama Simba kwenda Yanga 2021, vijiwe vilipata chakula cha miezi. Podikasti imekuja juu ya mazoea hayo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wanaorusha maudhui hayo wawe na leseni, gharama ambayo kijana mwenye simu na maneno tu hakuimudu kirahisi. Labda ndiyo maana podikasti nyingi zinazosikika hapa ni vipande vya vipindi vya redio, na jibu la msikilizaji huenda kwenye kundi la WhatsApp kwa sauti ya sekunde arobaini, na honi za daladala nyuma yake.

Asubuhi ile ya Kilombero, podikasti ilikuwa ikinguruma mfukoni mwa koti la yule wa bodaboda. Mzee mmoja wa Simba akaweka kikombe chini taratibu. Akanyoosha kiganja chake, halafu akaongeza kidole gumba cha mkono wa pili.

"Tarehe 19 Julai 1977," akasema. "Sita bila. Kibadeni peke yake matatu. Ulikuwa umezaliwa, mjukuu wangu?"